Meneja Aliyelala Kazini

Watu wakimtaja mume wangu husema, "Mungu amlaze mahali pema peponi." Mimi huitikia amina, lakini moyoni namwonea Mungu huruma. Mume wangu hakuwa mtu wa kulazwa popote pale. Huko aliko lazima kwanza amelibonyeza godoro kwa ngumi, amelinusa, ameuliza sponji yake imekatwa na nani, halafu amevua viatu, akavipanga sambamba na kujilaza chali. Usingizi ukimchukua, sawa. Usipomchukua, hata malaika watalirudisha ghalani.

Siku ya mazishi watoto walichapisha kikaratasi chenye picha yake amevaa tai. Kilisema alizaliwa, akasoma, akaajiriwa katika kiwanda cha magodoro, akapanda hadi kuwa meneja, akastaafu kwa heshima, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Basi, kwisha. Nikamwita mwanangu wa kwanza, nikamuuliza, "Huyu ni nani?"

"Ni baba, mama."

"Huyu si baba yenu," nikamwambia. "Huyu ni mtu yeyote."

Ndiyo maana naona afadhali niseme mwenyewe, tena niseme sasa hivi wakati hasira bado ni mbichi. Jumamosi iliyopita watoto hao hao walimtuma mkubwa wao na pikapu kulichukua godoro letu, lile tulilolala mimi na baba yao tangu alipostaafu. Wanataka nilale kwenye kitu kipya chenye springi. Nilikuwa tayari kupigana kwa meno na kucha. Nitawaambia yaliyotokea, lakini kwanza mjue ni kitu gani walichotaka kukitupa.

Kule kiwandani kulikuwa na sheria aliyoitunga mume wangu mwenyewe, na sijasikia mahali pengine penye sheria kama hiyo. Hakuna mzigo uliotoka getini kabla meneja hajaulalia. Magodoro yakishapangwa ghalani tayari kupakiwa, alifumba macho, akanyoosha kidole, na godoro lililoangukiwa na kidole hicho likawekwa sakafuni. Lililazwa hivyo hivyo ndani ya nailoni yake, kwa sababu alisema godoro jipya ukishalivua nguo hakuna atakayeamini kwamba halijatumika. Akapanda juu yake baada ya chakula cha mchana, akafumba macho, na kiwanda kizima kikaanza kunyata.

Akipata usingizi, nyapara wake alikaa pembeni kwenye kigoda na kuwatisha kwa macho wote waliopita wakiburuta viatu. Akiamka mwenyewe, bila kuguswa, alikaa kitako, akajifuta mdomo, akasema maneno mawili: "Mzigo uende." Hapo ndipo dereva wa lori alipowasha injini. Asipopata usingizi, hapakuwa na maneno. Mzigo ulirudi, sponji ikapimwa upya, na wafanyakazi wakachelewa kwenda nyumbani kwao.

Siku moja mwenye kiwanda alifika bila taarifa, kafuatana na wageni wenye suti. Wakamkuta meneja kalala chali sakafuni, kinywa wazi, anakoroma. Bosi akafura. "Huyu anafanya nini?"

Nyapara akaweka kidole mdomoni. "Taratibu, bosi. Yuko kazini."

Wanasema bosi alisimama pale akipumua kama chungu kinachochemka mpaka mume wangu alipoamka, akasema, "Mzigo uende," kisha akamwona, akasema bila hata kuona haya, "Karibu, bosi. Jaribu na wewe." Na bosi, kwa kutaka kumwonyesha kwamba huo ni upuuzi, akajilaza. Wageni wenye suti walikuja kufanya mkutano. Mkutano ulifanyika jua limeshapinda, na bosi aliuendesha akiwa na alama ya mkunjo wa nailoni shavuni. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena.

Mimi yote haya nilikuwa siyajui. Nyumbani alikuwa haongei habari za kazi, na mimi nilikuwa na watoto wa kulea. Nilijua tu kwamba mume wangu usiku halali sana, anageuka geuka, alfajiri yuko macho anawapigia watoto viatu rangi. Nikadhani ni mawazo ya cheo. Kumbe mwenzangu usingizi wake wote anaumalizia kazini, na mshahara juu!

Niligundua siku nyapara aliponijia mlangoni mchana kweupe, kofia mkononi, anajiuma uma.

"Shemeji, nimetumwa na wafanyakazi."

 "Kuna nini? Meneja amepatwa na nini?"

"Hajapatwa na kitu, shemeji. Hajalala."

"Hajalala?"

"Hajapata usingizi toka jana. Malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Tumebadilisha godoro, tumebadilisha ghala, hapati. Tukamuuliza, akasema ana mawazo. Tukamuuliza mawazo ya nini, akasema ya nyumbani." Akaitazama kofia yake. "Sasa, shemeji, hatuingilii ndoa za watu. Tunaomba tu, kama kuna ugomvi, muwe mnagombana Jumamosi jioni. Jumapili hatupakii."

Nilicheka mpaka nikakaa kizingitini. Ni kweli asubuhi ya jana yake nilimchamba. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja tangu mvua zianze, kila nikimwambia yeye anasema kesho, kesho, mpaka siku hiyo nikamwambia kama kesho ingekuwa ni bomba sisi tungekuwa na mto. Sikujua kwamba maneno yangu yalikwenda kusimamisha malori. Kuanzia hapo nikaijua nguvu yangu. Wanawake wengine wanaringia vyeo vya waume zao. Mimi nikinuna asubuhi, mji mzima unalala chini. Bomba lilitengenezwa jioni ile ile, na fundi aliletwa na nyapara mwenyewe.

Sasa msije mkadhani alikuwa mtu wa kulala tu. Nina jambo jingine la kusema, na hili ndilo lilikosekana kwenye kile kikaratasi.

Mwanangu wa kwanza leo ni hakimu. Akiingia, watu wanasimama. Hata mimi namwita Mheshimiwa, hasa nikitaka kumkera. Lakini Mheshimiwa huyu alipokuwa mtoto, hata baada ya kuanza shule, alikuwa kikojozi. Kila tulichojaribu kilishindwa. Na nyumba tulizokuwa tunakaa enzi hizo zilikuwa nyumba za safu, uani ni pamoja, ukianika godoro kila jirani analisoma kama gazeti. Watoto wa pale walikuwa na midomo michafu. Mwenzao mmoja aliyejulikana kwa hilo walimwimbia njia nzima ya kwenda shule mpaka akagoma kusoma.

Basi baba mtu alikuwa anaamka, anavaa suruali yake ya kazini na tai yake, halafu analibeba godoro la mtoto kichwani na kulipeleka uani mbele ya watu wote. Analitandaza ukutani, anarudi nyuma hatua moja, anashika kiuno na kusema kwa sauti, "Aa, mimi na chai kitandani! Nimemwaga tena!" Kisha anakwenda kazini.

Mwanzoni majirani waliamini. Baadaye wakaanza kutazamana. Mtu mzima, meneja, kila siku chai, tena inamwagika pale pale katikati? Hawakuchelewa kupata jibu. Wakamwita Bwana Chai. Wanawake wakawa wananivuta pembeni bombani: "Pole, dada. Hata wangu alikuwa na tatizo hilo. Kuna mizizi." Nikarudi ndani nimepandwa na mori.

"Meneja, unajua wanasema wewe ni kikojozi? Wewe, mtu wa magodoro!"

"Wacha waseme," akanijibu. Alikuwa anafunga kamba za viatu, hata hakuinua kichwa. "Mimi nina cheo, jina hilo halitanivunja. Mtoto hana cheo."

Nilisimama pale na mwiko mkononi, sina la kusema, na ninyi mnaonisikiliza mmeshajua kwamba kukosa la kusema si ugonjwa wangu. Nilimpenda mtu yule siku ile mpaka nikakasirika.

Siku zikaenda, mtoto akaacha kukojoa, tukahama, wakakua, wakaoa na kuolewa, na mume wangu akafika umri wa kustaafu. Wafanyakazi wakamtengenezea godoro. Sponji waliichagua wao, kitambaa wao, na nyapara alishona pindo moja kwa mkono wake. Wakalileta nyumbani kwa lori, honi zinapigwa kama bibi harusi anakuja. Mume wangu akasimama barazani akilia waziwazi.

Nami, kwa ujuaji wangu, kabla lori halijakata kona, nikaivua ile nailoni yote. Mimi sipendi vitu vikae ndani ya nailoni. Kuna watu wana makochi yamefungwa nailoni mpaka wajukuu wanaota ndevu, mgeni akikaa anateleza, akisimama suruali inasimama naye. Mimi hapana. Nikaivua, nikalitandika godoro shuka safi, na nailoni nikafunikia banda la kuku, maana lilikuwa linavuja.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mume wangu hakulala. Hakulala usiku, hakulala mchana, hakupata hata lepe la usingizi. Alijaribu kupumzika baada ya chakula kama alivyozoea, akabaki anatazama dari. Macho yakawa mekundu, mashavu yakabonyea. Siku moja nilimkuta ukumbini analiamkia koti lililotundikwa mlangoni. "Shikamoo," analiambia, kwa adabu kabisa. Siku nyingine alitia chumvi kwenye kikombe changu akidhani sukari, na nilipotema akaniuliza kama naumwa.

Nikampeleka kwa daktari. Daktari alikuwa kijana, lakini alinitazama usoni akasema wazi: "Mama, mzee huyu moyo wake umechoka. Asipopata usingizi, hatafika mbali."  Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo mume wangu amalize kazi za watu anirudie nyumbani, na sasa amerudi, anataka kunifia mikononi kwa kukosa usingizi juu ya godoro bora kuliko yote aliyopata kuyatoa!

Nikafanya kila nililoweza. Nikampa maziwa ya moto. Nikageuza kitanda, kichwa kikaangalia mlango, kisha dirisha. Nikawafukuza kuku waliokuwa wanapiga kelele. Mpaka nikaacha kumgombeza. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, akadhani daktari ameniambia siri.

Halafu, ghafla, akaanza kupona. Akila tu mchana, anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, anasema, "Natoka kidogo, bibie." Akirudi, macho meupe, uso umenawiri, nywele zimelala upande mmoja. Na shavuni ana alama. Nikimuuliza alikuwa wapi, anasema alikuwa anazunguka.

Nikamweleza wifi yangu, dada yake. Mimi na wifi tulikuwa hatupikiki chungu kimoja, lakini siku hiyo sikuwa na mwingine. Akasikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi.

"Wifi, lisemwalo lipo. Kaka yangu ana nyumba ndogo."

"Kwani limesemwa?"

"Si nalisema mimi sasa hivi?"

Kawaida wifi humtetea kaka yake hata akikutwa na kisu mkononi. Lakini mwanamke yule alikuwa anapenda fumanizi kuliko ndugu. Alifika kesho yake amejifunga kitambaa kichwani na kuvaa viatu vya kukimbilia. Tukamfuata mume wangu kwa mbali, tukijificha nyuma ya kila gari lililosimama. Alikuwa anatembea huku anapiga mluzi. Mluzi! Kwangu alikuwa hapigi hata chafya.

Akaingia kwa Mama Fenicha. Huyo alikuwa mjane mwenye duka la vitanda na makochi, mwanamke wa haja, mwenye sauti laini na vidani shingoni. Wifi akanibana mkono. "Si nilikwambia?" Mimi nilikuwa naona giza. Tukasubiri kidogo ili tumkute vizuri, kisha nikaingia kwa kishindo, wifi nyuma yangu.

"Yuko wapi? Mtoe nimwone!"

Mama Fenicha alikuwa kaunta anaandikia wateja risiti. Akainua kidole mdomoni. "Shh! Jamani, dada, taratibu. Mtamwamsha."

"Nimwamshe?" Nikapita kama upepo, nikafungua pazia la nyuma ya duka. Hapo ndipo alipokuwa. Viatu amevipanga sambamba. Kalala chali juu ya godoro jipya, peke yake, kinywa wazi, usingizi wa pono. Upande wa pili kulikuwa na pazia jingine lililoachwa wazi, na wateja mume na mke wamesimama wanamtazama kwa heshima.

"Kama yeye mwenyewe meneja analala hivi," mume alimwambia mkewe, "sisi tuna nini cha kuuliza? Tulichukue."

"Amka wewe mzinzi!" nikapiga ukelele.

Akakaa kitako, akajifuta mdomo. "Mzigo uende," akasema. Kisha akaniona.

Nilitaka nimrukie, nikajikuta nimekaa chini nalia, sijui kwa hasira au kwa furaha. Nikamuuliza, "Kwa nini hapa unalala na kwangu hulali? Mimi nimekukosea nini?" Akasema hajui. Wallahi hajui, anasema. Alipita siku moja tu kuangalia magodoro kama mtu anavyokwenda kuwasalimu wenzake wa zamani, akabonyeza moja, akajilaza kulijaribu, usingizi ukamchukua. Kesho yake akarudi. Mama Fenicha akaona biashara inachangamka, akamwambia karibu kila siku.

Aliyefumbua fumbo ni wifi, na bila kujua. Alikuwa amechoka kukimbia, akajitupa ukingoni mwa lile godoro, naye alikuwa ana mwili. Nailoni ikalia kwacha. Mume wangu, ambaye alikuwa anajitetea kwa mikono miwili, akasita katikati ya neno. Wifi akajisogeza. Kwacha, kwacha. Macho ya mume wangu yakaanza kulegea. Wifi akageuka kunitazama, nailoni ikalia tena, na kichwa cha kaka yake kikaangukia kifuani.

"Wifi," nikamwambia, "usitikisike." Akatulia. Mume wangu akazinduka. "Haya, tikisika." Akatikisika. Mume wangu akakoroma.

Maskini ya Mungu! Miaka yote ile alikuwa anabembelezwa na nailoni, na mimi ndiye niliyeivua nikawapa kuku. Niliondoka pale mbio. Nikaishusha bandani, nikaisugua kwa sabuni, nikaianika na kulivisha godoro, shuka juu yake. Jioni ile mume wangu akapanda kitandani, akageuka mara moja, kwacha, na hakugeuka tena mpaka kulipokucha.

Ndivyo tulivyolala tangu siku hiyo. Raha ilikuwa yake. Mimi nilikuwa natoka jasho kama nipo jikoni. Shuka halikai, linateleza, asubuhi tunalikuta uvunguni. Kila akijigeuza, kwacha kwacha, naamka. "Geuka taratibu, Meneja!" Naye katikati ya usingizi ananijibu, "Naam, bibie," halafu anajigeuza vile vile. Wajukuu walisema babu na bibi wanalala ndani ya pakiti ya biskuti. Nililalamika kila siku ya Mungu. Ningelalamika miaka mingine mingi kama ningepewa.

Alikufa mchana, baada ya chakula. Alivua viatu, akavipanga, akaniambia, "Niko kazini kidogo, bibie." Nilikaa kando yake kwenye kiti nashona kifungo cha shati lake. Nailoni ikalia, kisha ikanyamaza. Nikamaliza kifungo, nikakaza vingine ambavyo havikuwa vimelegea, nikingoja aamke aseme maneno yake. Jua likapinda. Hakusema.

Nyapara alikuja mazishini, naye sasa ni mzee wa fimbo. Akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, alisema?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi ungemsemea wewe. Haifai mzigo kubaki getini."

Nilijaribu pale pale. Maneno hayakutoka siku ile, wala siku zilizofuata.

Sasa, Jumamosi. Mheshimiwa Hakimu aliingia kwangu na pikapu, dereva, na godoro jipya. Ni kweli lile letu limebonyea upande wa baba yake, lina shimo la umbo lake, na nikilala nabingirika humo. Ni kweli mgongo unaniuma. Akasimama katikati ya chumba, mikono nyuma, kama yuko mahakamani.

"Mama, ushahidi uko wazi. Godoro limekwisha. Na hii nailoni ni ya nini? Utapata vidonda."

"Nimesema halitoki."

"Mama, sikia sababu."

"Sababu wapelekee washtakiwa wako!" Nikasimama mlangoni, nikashika miimo yote miwili. "Na wewe, Mheshimiwa, ndiye mtu wa mwisho hapa duniani kusimama mbele yangu kuzungumza habari za magodoro. Au nimweleze dereva wako kwa nini baba yako aliitwa Bwana Chai?"

Dereva akaona afadhali akakague matairi.  Nikadhani nimemshinda Hakimu, nikataka kuongeza, lakini nikaona kidevu chake kinatetemeka kama zamani.

"Nilikuwa najua, mama," akasema. "Nilikuwa nasimama dirishani kila asubuhi namsikia. Nimemwaga chai, nimemwaga chai. Na chai yenyewe alikuwa hanywi."

Ni kweli. Mume wangu maisha yake yote alikunywa maji ya moto. Chai ilikuwa inamchoma tumbo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau.

Hasira ikaniishia. Nikamwambia, "Mwanangu, sheria ya baba yako unaijua. Hakuna godoro linalotoka bila kulaliwa. Vua koti, ulilalie godoro. Usipopata usingizi, pakia, sitasema neno. Ukipata, linabaki."

Akatazama saa. "Mama, nina kazi."

"Hiyo ndiyo kazi."

Akavua koti, akajilaza na viatu vyake, amejikaza kama gogo, nami nikaenda jikoni kuweka maji motoni.  Mtu kama yule, halali hata kwenye ndege. Nilijua nimelitoa godoro langu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikiwa nimeshika sufuria, nikasikia kule chumbani: kwacha, kwacha.

"Geuka taratibu, Meneja!"

Lilinitoka tu. Nikabaki nimesimama nangoja, mjinga mimi, nangoja "Naam, bibie." Haikuja. Nikalia pale jikoni, nikalia kwa sauti, maji yakachemka mpaka yakakauka. Nilipojifuta, ndipo nikasikia mtu anakoroma.

Nikachungulia. Hakimu alikuwa amebingirika kwenye shimo la baba yake, chali, kinywa wazi, tai imemwendea begani.

Dereva akagonga dirisha. "Mama, huu mzigo vipi? Niushushe au nirudi nao?"

Nikatoka barazani. Godoro jipya limelala nyuma ya pikapu ndani ya nailoni yake, linang'aa juani. Nikafungua mdomo kumwambia arudi nalo, na kilichotoka si hicho.

"Mzigo uende," nikasema.

Hakusikia vizuri, akaweka mkono sikioni. Nikasema tena kwa nguvu, mpaka jirani akatoka nje kutazama. "Mzigo uende!"

Pikapu ikawaka, ikakata kona. Nikarudi ndani, nikamvua mwanangu viatu polepole asije akaamka, nikavipanga sambamba.